Mwaka Tuliomwamini Anonyme

Picha ile ililetwa kwangu Jumanne iliyopita, imefungwa katika kitenge cheusi, na ilipofika mezani kwangu nilishindwa kukaa kitini nikatulia. Aliyeileta ni mwanamke wa makamo anayeitwa Donatila. Wiki tatu kabla alikuwa amemzika mama yake, Veneranda, na mama huyo katika siku zake za mwisho alimwagiza jambo moja: nenda Goma, mtafute Masika, yule msichana aliyekuwa akisoma kitabu mtaa wa Murara. Masika ni mimi, ila usichana wenyewe umeshaondoka zamani. Nilisogeza sahani ya sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, tukaikunjua picha juu ya meza yangu ya chakula, tukaibana pembe zake kwa vikombe. Mtoto wa kike akatutazama, macho makubwa, mdomo umefungwa kama anayekataa kujibu. Donatila aliweka kidole kwenye pembe ya chini, palipoandikwa neno moja kwa rangi nyeusi, akauliza, "Mama Masika, mutu alichora hii alikuwa nani?" Swali fupi tu. Jibu ninalo miaka yote hii, na nimelikalia. Badala ya kumjibu nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Nilizaliwa wapi na nani alinilea, tuyaache, hayatusaidii hapa. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimebakiza darasa moja nipate diploma, na shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu madarasa yalijaa watu. Wakimbizi walivuka mpaka siku nne mchana na usiku, wakajaa mjini mpaka mtu akitoka nje ya mlango wake lazima aombe njia. Madawati yetu yaligeuka kuni. Nililiona langu likichemsha maharage uani mwa shule, nikalitambua kwa jina nililokuwa nimelichonga kwa kisu. Kwenye barabara ya kwenda Munigi wagonjwa wa kipindupindu walikaa juu ya mawe ya volkano, na waliokufa walifungwa mikeka wakawekwa kando, kwa kuwa jiwe lile halichimbiki. Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, naye alinikataza kutoka. Nilitoka kila siku. Sikuwa jasiri, nisijisifu. Nilishindwa kukaa tu. Nikikaa miguu ilinicheza, nikilala nilisikia kikohozi cha watu ukutani, nikisimama sikujua niende wapi. Mpaka leo milio ya risasi ikianza upande wa kaskazini, hali ile hunirudia magotini kwanza.

Mahali pekee nilipoweza kutulia kidogo palikuwa karakana ya Muzee Pinso, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Pinso halikuwa jina lake. Ni neno la Kifaransa la brashi ya kuchorea, watu wa Murara walilitafuna mpaka likalainika hivyo, na yeye akaliandika juu ya mlango: CHEZ PINSO, yaani kwa Pinso. Chumba chenyewe kilikuwa cha mbao, sakafu ni jiwe jeusi lililosawazishwa kwa nyundo, na harufu ya petroli na rangi ilikupokea tangu barabarani. Alichora vibao vya vinyozi na Bikira Maria wa kuweka sebuleni, lakini kazi iliyomlisha ilikuwa kukuza picha za marehemu. Unamletea picha ndogo ya kitambulisho, siku ya nne unapewa uso mkubwa wa kuweka mbele ya jeneza. Mwaka ule kazi hiyo haikumwacha apumue. Turubai yake ilikuwa gunia la unga wa msaada, lililofuliwa, likapakwa gundi na chokaa upande mmoja. Upande wa nyuma maandishi ya kukataza unga huo usiuzwe yalibaki palepale.

Kuandika herufi za vibao alijua vizuri sana. Kusoma Kifaransa hakujua. Na alikuwa na kitabu cha Kifaransa kilichomnyima raha, kitabu kikubwa cha wachoraji mashuhuri wa dunia, alichokiokoa kwa mama mmoja wa sokoni aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Kurasa za mwanzo na za mwisho zilikuwa zimeshaliwa pamoja na karanga, hazimo tena. Muzee aliniona mlangoni nikizungukazunguka, akaniuliza kama Kifaransa changu ni cha kusoma au cha kusalimia watu. Nikamwambia ni cha kusoma. "Basi kuya usome," akasema. "Utakula hapa." Ikawa ndiyo kazi yangu. Saa sita ninasoma sentensi kwa Kifaransa, ninaigeuza Kiswahili, yeye anachora bila kuinua kichwa, kisha tunakula bugali na sombe, kisamvu chetu, kwenye sahani moja, na siku soko la Kituku likiwa na samaki, tunakula sambaza. Nilisoma nikitembea, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Alinikaripia mara mbili, halafu akazoea.

Mambo yaliyokuwa katika kitabu kile! Kulikuwa na mmoja aliyechora dari la kanisa miaka mizima, shingo imepinda, rangi zikimdondokea machoni. Muzee alicheka mpaka akaweka brashi chini. "Na mupatri hakumupa ata kofia?" Kulikuwa na mwingine aliyemchora mwanamke mmoja anayetabasamu, akakataa kumpa mwenyewe picha yake, akahama nayo mji hadi mji mpaka akafa. Hapo Muzee alikasirika kweli. Alisema huyo ni mwizi, kwamba Goma angepigwa na familia nzima. Yule aliyejikata sikio alitusumbua siku mbili. "Sasa alijikata juu ya nini? Rangi nyekundu ilimuishia?" Kulikuwa na rangi ya buluu iliyosagwa kutoka kwenye jiwe la milimani, ghali kuliko dhahabu, na Muzee akatoka nje akaokota jiwe letu jeusi, akaligonga kwa nyundo, akalitazama vumbi lake kwa masikitiko. Na kulikuwa na mmoja aliyempa Bikira Maria uso wa mke wake mwenyewe, kila picha, mke huyohuyo. Hilo Muzee hakulicheka. "Alifanya muzuri," alisema. "Ule uso njo alikuwa nao." Njo yetu ni ndio yenu.

Lakini aliyemteka hasa alikuwa Anonyme. Chini ya kila picha kulikuwa na jina la mchoraji, na jina hilo lilijirudia mno. Wengine walikuwa na picha mbili, tatu. Anonyme alikuwa nazo kumi na saba. Alichora malaika, alichora mfalme, alichora maiti ya mwanamke kwenye kitanda chenye mapazia, alichora zabibu mpaka ukataka kuzila. Muzee alikuwa akiniambia, "Soma ya Anonyme," kama mtu anayeomba wimbo redioni. Siku moja nikatambua miaka iliyoandikwa pale: picha yake ya kwanza na ya mwisho zilipishana karne nne. Mtu gani huyu aishi karne nne? Muzee ndiye aliyefumbua. Sisi Wanande, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, msichana wa kwanza ni Masika, na ukiita Mumbere katika soko la Butembo, nusu ya soko inageuka. "Iko vile vile kwabo," akasema. "Mutoto wa kwanza wa kiume wa muchoraji banamwita Anonyme. Ni ba-Mumbere ba kwabo." Mimi niliyebakiza darasa moja nipate diploma nilikubali papo hapo, nikaona ni akili tupu. Neno lile sikuwa nimewahi kukutana nalo shuleni, na ukurasa ambao labda ungetuelezea ulikuwa umefungia karanga. Tangu siku hiyo Muzee alimhesabu kuwa mwenzake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa kwanza.

Veneranda aliingia mchana mmoja tukiwa tunanawa mikono. Alikuwa mwembamba, amejifunga kanga juu ya sweta la kiume, na hakusalimu mpaka aliposhika nguzo ya mlango. Binti yake wa miaka minne, Donatila, alimponyoka mkononi katika msongamano wa mpakani. Mkono wake ulibaki umeshika kitambaa cha gauni tu. Alikuwa ametembea kambi zote. Kule Munigi kulikuwa na kituo cha watoto waliopotea, lakini wazazi hawakuruhusiwa kuingia kutafuta ovyo, kwa kuwa watu walishaanza kuchukua watoto wasio wao. Ilibidi ulete jina au picha. Jina alilitoa, halikuwa kwenye orodha. Picha hakuwa nayo.

"Muzee, banasema weye unachoraka batu," alisema. "Nichorie mutoto wangu."

"Photo iko wapi?"

"Haiko. Nitakuambia vile alikuwa."

Muzee alitikisa kichwa. "Mama, miye nachora kwa photo. Bila photo ni kazi ya mulozi. Unisamehe."

Hakusema kwa ubaya. Mwanamke hakulia, hakubisha, alibaki tu pale ameshika nguzo, na mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nilichukua kitabu, nikafungua picha ya msichana mdogo mwenye ndege mkononi, ya Anonyme, ambayo chini yake hapakuwa na maelezo yoyote zaidi ya jina na mwaka. Nikasoma. Yaani nikajifanya ninasoma. "Muzee, sikiliza hii. Mchoraji hakumwona mtoto huyu hata siku moja. Mama yake alimsimulia siku saba, naye akachora, na watu wote wa mji wakamtambua."

"Imeandikwa vile?"

"Vile vile."

"Ni ya Anonyme?"

"Ni yake."

Alifuta brashi polepole kwa kitambaa. Kisha akavuta debe la rangi akaligeuza liwe kiti. "Mama, ikala hapa. Anza na macho."

Sijui kama msomaji amewahi kusema uongo halafu akalazimika kukaa chumba kimoja nao siku tisa. Veneranda alikuja kila asubuhi. Alisema macho ya mtoto ni ya mtu anayetaka kuuliza kitu. Muzee akachora, mwanamke akasema hapana. Alisema shavu lake lina kishimo akinyamaza, si akicheka. Hapana. Muzee alikwangua, akapaka tena, akamtazama mwanamke usoni muda mrefu akimsikiliza, akakwangua. Mimi nilitoka na kuingia, nikaenda kuchota maji yasiyohitajika. Kilichonitisha kilikuwa hiki: ule uso wa kweli ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa Veneranda. Tukimwonyesha nyuso mbaya kila siku, hatimaye zingeufukuza ule wa kweli, naye angeondoka kwetu amempoteza mtoto mara ya pili. Na chanzo kingekuwa mimi. Usiku nilimsikia shangazi akimwambia jirani kwamba nimeanza kukonda, pengine ni ule ugonjwa.

Siku ya tisa Veneranda aliingia, akatazama, akaziba mdomo kwa kanga. "Njo yeye," alisema. Muzee akakaa chini kwenye jiwe kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Nilitaka kufurahi, lakini nje ya mlango palikuwa na Mama Zawadi, aliyekaanga mandazi kando ya barabara yetu, na mama huyo hakujua kunong'ona. Alichungulia, akageuka, akamwambia mteja wake, "Kwani si ni ule mama mwenyewe? Pinso amemuchora akiwa mutoto." Muzee alimfokea arudi kwenye mafuta yake. Mimi nikaitazama picha upya. Mama Zawadi alisema kweli. Siku tisa mzee alikuwa akisikiliza habari za mtoto huku akimtazama mama, na brashi ilichora kile jicho lilichokiona. Lilikuwa paji la Veneranda lile, pua ya Veneranda, hata namna yake ya kufunga mdomo. Mama mwenyewe hakuona. Mzee naye hakuona. Nilikuwa nao wawili wenye furaha, na picha ya mtu mwingine.

Tulipanda Munigi kesho yake, picha imefungwa juu ya chukudu la mpwa wa Mama Zawadi, lile gari letu la mbao la kusukuma. Getini Veneranda alizuiwa kama nilivyotarajia, tukaruhusiwa mimi na Muzee na picha. Kituo kilikuwa mahema makubwa yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, na watoto wote walikuwa wamenyolewa kwa sababu ya chawa, wote wamekonda, hata mama mzazi angeweza kumpita wake. Muzee akaanza kuifunga picha kwa kamba kwenye nguzo katikati ya uwanja. Mimi nilipelekwa mezani kwa kijana wa orodha, niangalie tena jina. Alipitisha kidole juu ya daftari akisoma kwa sauti ya kuchoka: Anonyme, msichana, miaka mitatu. Anonyme, mvulana, miaka miwili. Anonyme, msichana, miaka minne.

Nikamwuliza, "Hao ni wa ukoo mmoja?"

Alinitazama kuona kama namtania. "Ukoo gani, dada? Anonyme njo mutu hana jina. Batoto habasemi, hatujue jina yabo, tunaandika vile."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na niliona haya peke yangu, maana hakuna aliyejua. Kumi na saba. Malaika, mfalme, zabibu, msichana mwenye ndege. Hakukuwa na bwana mkubwa yeyote. Kulikuwa na watu kumi na saba waliofanya kazi nzuri kuliko wote, wakaondoka bila mtu kuwauliza wanaitwa nani. Na huyu mzee aliyekuwa akikaza kamba pale nguzoni alikuwa amemwamini mmoja wao kwa ajili ya uongo wangu, akachora picha isiyo sahihi, na nje ya geti kulikuwa na mwanamke anayesubiri.

Ndipo nikasikia mtoto. Alikuwa amesimama mbele ya nguzo, kichwa kitupu, tumbo nje, na kwa mujibu wa kijana wa orodha alikuwa hajatamka neno wiki tatu. Aliweka kiganja kwenye shavu la picha. "Mama," alisema.

Muzee alimwinamia. "Hapana, mupenzi, huyu ni mutoto kama weye."

"Mama," mtoto akarudia, sasa kwa hasira, na akaanza kulia kwa sauti kubwa, akiipiga picha kwa ngumi kwa kuwa haikumjibu. Niliruka mawe yale hata sijui vipi. Nilimchukua mtoto, nikakimbia naye getini nikipiga kelele kama mwenda wazimu, na Veneranda alipomwona alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alimshika mtoto kila mahali, masikioni, vidoleni, akamgeuza akatafuta alama ya kuungua kisigino cha kushoto, akaipata. Nilikuwa nalia, kijana wa orodha alikuwa analia na daftari lake mkononi. Nimefikiri jambo hilo maisha yangu yote. Mtoto wa miaka minne asiye na kioo kwao hajui uso wake. Tungemletea picha iliyofanana naye kabisa, angeipita kama alivyowapita watoto wengine. Alikuwa anaujua uso mmoja tu.

Jioni hiyo Muzee alikuwa mtu mwingine, anaimba, anamlisha kila mtu mandazi. Veneranda alimwomba Muzee aandike jina lake mwenyewe kwenye picha. Mzee yule hakuwahi kusaini kitu maishani mwake. Alifikiri, akaniita. "Masika, niandikie ile jina kwa chaki, nipite juu yake. Akili haikuwa yangu. Ilikuwa ya Anonyme." Nilikuwa nimeshajua maana yake tangu asubuhi. Ningeweza kusema. Niliogopa. Niliogopa aniulize juu ya ule ukurasa, niliogopa kuiona ile furaha ikizimika, na nilijiambia nitamweleza kesho, watu wakiondoka. Niliandika herufi saba kwa chaki. Alipita juu yake kwa brashi nyembamba, ulimi nje, kwa ile heshima aliyokuwa nayo kwa herufi. Kesho haikupatikana. Miaka miwili baadaye vita ikaingia mjini kwenyewe, mimi nikatorokea Butembo, na niliporudi Goma mzee alikuwa ameshazikwa. Baadaye moto wa mlima ulishuka ukapita juu ya karakana na kila alichowahi kuchora. Nimefundisha Kifaransa miaka ishirini na sita. Kila mwaka neno lile lilipofika darasani, niliwaambia wanafunzi walitafute wenyewe katika kamusi, nikatoka nje kidogo.

Chai ilipochemka niliileta mezani nikamweleza Donatila yote, pamoja na uongo, pamoja na chaki. Nilisema nikitembea, kutoka mlangoni hadi dirishani. Alisikiliza bila kugusa kikombe. Nikamwambia mchoraji aliitwa Mumbere Athanase, nalijua jina hilo kwa kuwa niliwahi kumjazia karatasi za kitambulisho, alikaa Murara, nyumba ya tatu, na akina Mumbere ni wengi lakini huyu alikuwa mmoja. Nilikuwa nimeshachukua kisu kidogo na chupa ya rangi nyeusi ya mjukuu wangu. Nilitaka kukwangua lile neno nimwandike mwenyewe, angalau mara moja, mahali panapostahili.

Donatila alifunika pembe ile kwa kiganja chake. "Usitoshe hii, mama," alisema, akimaanisha nisiliondoe. "Mama yangu alichunga karatasi yangu ya Munigi. Iko imeandikwa Anonyme, msichana, miaka ine. Miye siku zote nilijua hapa ni jina yangu njo baliandika." Alisogeza kiganja kidogo, akanionyesha nafasi iliyobaki kando ya neno, ndogo lakini ya kutosha. "Yeye muandike hapa, pembeni yangu."

Nikavuta kiti. Nikakaa. Nikaandika.